Tabibu wa Meno na Mtaalamu Wake

Nikisikia watu wakimsifia tabibu wa meno wa mtaani kwetu hapa Kasulu, mimi kwanza hupitisha ulimi mahali palipokuwa na jino langu la kukatia uzi. Halafu ndipo nami naanza kumsifia, kwa namna yangu. Namjua vizuri. Tumetenganishwa na ukuta mmoja wa tofali za kuchoma kwa miaka mingi, yeye na koleo lake upande ule, mimi na cherehani yangu upande huu, na ukuta wenyewe ni mwembamba kiasi kwamba nikipiga chafya anaitikia "afya". Wagonjwa wake husubiri kwenye benchi langu, kwa sababu lake lilivunjika mguu na hakulitengeneza. Kwa hiyo mengi ninayoyajua juu yake nimeyapata kwa watu wenye shavu lililovimba, na mtu aliyevimba shavu hana muda wa kutia chumvi.

Jino hilo nilieleze kabisa, maana ndilo kesi yenyewe. Fundi cherehani ana mikasi, lakini mikono yake yote miwili huwa imeshika kitambaa, na uzi unangoja kukatwa. Hapo ndipo mdomo unapoingia kazini. Langu lilikuwa la juu, upande wa kushoto, lile linalofuata pengo la chonge. Chonge sina. Nilipokuwa mchanga kule Kibondo nilipata homa na kuharisha, ufizi ukavimba, bibi akasema nimeota meno ya plastiki na yasipotolewa nitakufa. Nikapelekwa kwa mzee mmoja mwenye spoku ya baiskeli iliyonolewa, akachokoa ufizi, akatoa kitu cheupe kama punje changa ya mahindi, wote wakashukuru. Kitu hicho cheupe ndicho kilichokuwa kije kuwa chonge langu. Wenzangu wengi wa huku juu milimani wana pengo hilohilo, na wengi hawajui kwamba ni pengo, wanadhani ndivyo mdomo ulivyo.

Basi jino la pembeni yake likasogea kidogo kwenye nafasi ile, na kwa miaka ya kuuma uzi likajichimbia mfereji mwembamba kwenye ncha yake. Uzi ulikuwa unaingia mle wenyewe. Nimeshona sare za shule, magauni ya harusi na vitenge vya kutoka Manyovu kwa msaada wa jino lile, na sikuwahi kulishukuru mpaka nilipoliona kwenye kisahani cha tabibu.

Kumwita "tabibu" ni uchokozi wangu. Bango lake la zamani lilisema hivyo, "Tabibu wa Meno", kwa rangi ya mafuta na mwandiko wa kupinda. Tangu alete kompyuta, bango jipya linamwita Dokta, na juu yake kuna picha ya jino linalotabasamu, limevaa miwani. Nilimuuliza jino lile linasoma nini.

"Fundi," akasema, "wewe shona."

Nikaendelea kushona, na nikaendelea kumwita tabibu.

Nilimjua kabla ya miwani hiyo. Enzi za Kibondo alikuwa kijana wa hospitali ya serikali, na watu walitembea kutoka Kumsenga na mbali zaidi, mashavu yamefungwa kwa kanga, kumfuata. Mkono wake ulikuwa na jina. Kwetu salamu ni ndefu: mtu akikuamkia kwa mwidiwe unaitika, unaulizwa watoto, unaulizwa shamba, mvua, mbuzi, na kuikatiza ni kukosa malezi. Tabibu aliigeuza adabu hiyo kuwa chombo cha kazi. Akishachoma ganzi na ganzi ikashika, alianza kukusalimu upya.

"Mwidiwe, mama. Watoto hawajambo? Na maharage, yametoa maua?"

Wewe uliyelelewa vizuri unaitika, "Ego," mdomo wazi, na kabla hujafika kwenye mbuzi jino liko kisahanini. Mama yangu alifanyiwa hivyo, na hakumsamehe mpaka leo. Jino anasema lilikuwa bovu, acha liende. Anachomlaumia ni salamu ile, kwamba haikumalizwa.

Lakini niwe mkweli, hata kama mkweli huyo ana pengo. Siku hizo tabibu hakugusa koleo kabla ya kufanya mambo mawili. Kwanza aliingiza kidole gumba na kuhesabu meno yako kwa sauti kuanzia mbele, moja, mbili, tatu, kama mtu anayehesabu mbuzi zizini. Pili aligonga kila jino kwa mpini wa kioo chake kidogo, na wakati wa kugonga hakutazama jino, alitazama macho yako. Macho yakiruka, ndilo hilo. "Jino halibembelezwi," alikuwa akisema, "linaulizwa mara moja." Nimemsikia akisema hivyo mara nyingi hata nikadhani ni maneno ya kitabu kitakatifu.

Mganga hajigangi, wamesema wahenga, na sijui kama walimwona huyu. Chai yake ni sukari iliyolowa maji. Asubuhi hutoka barazani na kikombe, anasimama mbele ya benchi langu lenye watu wanaougulia, anawahubiria juu ya madhara ya vitamu, kisha anakoroga. Msimu wa miwa hukaa pale nje akitafuna kipande baada ya kipande huku akimkemea mtoto wa watu kwa sababu ya pipi. Siku moja mwanamke mmoja alimuuliza, "Na wewe tabibu, huo muwa?" Akamjibu kwamba yeye anatafuna kwa utaalamu.

Na kucheka. Huyu bwana ana masharubu mazito yaliyoshuka mpaka mdomoni, na juu ya masharubu hayo akicheka huweka kiganja. Hajawahi kucheka mbele yangu bila kiganja. Nilikuwa nadhani ni heshima ya watu wa zamani, au anaficha harufu ya mawese aliyokula mchana. Nilimtania sana kwa hilo, naye hakujibu, jambo ambalo lilipaswa kunishtua, maana mtu huyu hujibu kila kitu.

Kibondo pia ndiko alikotangaza vita na meno ya plastiki. Alikuwa anapanda pikipiki ya hospitali na kipaza sauti begani, anakwenda vijijini siku za gulio, anasimama karibu na wauza samaki wa migebuka na kupiga kelele. Jambo alilosema lilikuwa la kweli tupu: kwamba homa ya mtoto haitoki kwenye ufizi, kwamba kinachochokolewa ni mbegu ya jino, kwamba watoto wengine wamekufa kwa damu na uchafu wa spoku. Namna alivyolisema ndiyo ilikuwa mbaya. Aliwaita kina mama wajinga. Aliwaita kina bibi wauaji. Mimi nilikuwa msichana wa shule, nimesimama pale na pengo langu, nikajiona nimetukanwa pamoja na bibi yangu.

Siku hiyo bikizee mmoja aliyekuwa ameketi nyuma ya mihogo yake alimsikiliza mpaka akamaliza, halafu akamuuliza polepole, "Wewe mwanangu, mama yako alikufanyaje?"

Watu walicheka. Tabibu alishusha kipaza sauti, akashika masharubu, ambayo wakati ule ndiyo kwanza yalikuwa yanaota, akapanda pikipiki akaondoka. Tukasema bibi kamshinda kwa maneno. Ndivyo tulivyoelewa.

Alipostaafu alihamia Kasulu, akapanga chumba cha jirani na changu, nami nilikuwa nimeshaolewa huku na nina cherehani yangu. Tukaishi vizuri kwa muda. Kisha akaitwa kwenye semina Dar es Salaam, akarudi na sanduku, na ndani ya sanduku mlikuwa na Mtaalamu.

Mtaalamu ni kompyuta ndogo, waya, na kidude bapa kama kifungo kikubwa cha koti ambacho huvishwa plastiki na kuingizwa mdomoni. Mashine ya eksirei inapiga, kidude kinapokea, na picha ya meno yako inajitokeza kwenye kompyuta hapohapo. Hiyo peke yake ingetosha. Lakini ndani ya kompyuta mmekaa akili mnemba, iliyotengenezwa sijui nchi gani, ambayo inaisoma picha ile na kuipaka rangi: jino zima kijani, jino la kuangaliwa njano, jino bovu nyekundu. Na kila jino inalipa namba yake. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Kasulu yote ilikuja kuona.

Tangu hapo tabibu hakuwa na maoni yake tena. Ukimuuliza kama jino litapona alikuwa anageuza kompyuta kidogo na kusema, "Mtaalamu amesema." Mtaalamu amesema liondoke. Mtaalamu amesema lizibwe. Aliyasema kwa sauti ya chini, kama mkalimani wa kanisani. Kidole gumba kilistaafu. Kioo kidogo kilibaki kwa ajili ya kukatia ndevu. Nilimuuliza mbona siku hizi simsikii akihesabu, akanijibu, "Fundi, huyu ameona meno ya dunia nzima. Mimi nimeona ya Kibondo tu." Alisema kwa fahari, kana kwamba kushindwa na kitu cha ghali ni cheo.

Shida ilikuwa umeme. Jengo letu lina nyaya za zamani. Pasi yangu na mashine yake ya eksirei vikiwaka pamoja, umeme wa jengo zima unajizima. Tukakubaliana: kabla ya kupiga picha atagonga ukuta, nami nitazima pasi. Hivyo nikawa mfanyakazi wa Mtaalamu bila mshahara. Nikiwa katikati ya kunyoosha kola ya bwana harusi, ko ko ko, nazima, kola inakunjamana, na upande wa pili mtu wa Heru Juu anaonyeshwa meno yake kwa rangi. Halafu mtandao unagoma. Mgonjwa analala kwenye kiti mdomo wazi, mduara unazunguka kwenye kompyuta, tabibu anatoka nje kununua bando, njiani anasalimiana na watu, na salamu zetu mnazijua.

Benchi langu lilikuwa na maoni. Mkulima mmoja alitoka na picha yake kwenye simu, akaigeuza huku na huku, akauliza kwa nini jino lake limewekewa mipaka kama shamba lenye kesi. Mama mmoja mfanyabiashara wa maharage, wazazi wake walikuja kutoka Burundi na yeye ni Mtanzania mwenye mdomo wa Kitanzania kabisa, alisikiliza maelezo yote ya tabibu juu ya Mtaalamu, akaridhika, akabaki na swali moja.

"Huyo mtaalamu, yeye ana meno?"

Tabibu akasema hilo si swali la kisayansi.

"Nauliza tu," mama akasema. "Huyu asiyejua maumivu ndiye ananiambia mimi linaloniuma?"

Lakini sitamnyima Mtaalamu haki yake. Kuna mwendesha bodaboda alikuja akilalamikia gego, Mtaalamu akaweka rangi nyekundu si kwenye gego, chini kabisa ndani ya mfupa wa taya, mahali ambapo hakuna kidole gumba kingefika. Tabibu akampeleka hospitali ya rufaa wiki hiyohiyo. Yule kijana yuko hai, anaendesha kwa fujo zilezile, na mama yake kila mwaka humletea tabibu jogoo. Siku ile nilimpongeza, tena kwa moyo. Ndiyo maana yaliyofuata yaliniuma zaidi.

Siku ya kwanza kabisa ya Mtaalamu mimi nilikuwepo. Tabibu hakuwa na mgonjwa wa kujaribia, na mimi nilikataa, kwa hiyo alijipima mwenyewe. Alinielekeza pa kubonyeza, akakaa kwenye kiti chake cha wagonjwa, kidude mdomoni, macho ameyafumba kama mtoto. Tulipiga upande huu na upande ule. Picha zikaja, rangi zikajipaka, namba zikajipanga. Nilimwona anaisogelea kompyuta, anakunja uso, anahesabu kwa midomo. Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha akaifunga taratibu kwa viganja viwili na kusema, "Safi kabisa." Nikaondoka kwenda kushona, nikisema moyoni kwamba mzee amelogwa.

Zamu yangu ilikuja msimu wa mvua. Jino liliniuma usiku na mchana, upande wa kushoto juu, ila si lile la uzi. Lilikuwa la nyuma yake, nilikuwa na hakika. Kwa nje yote mawili yalionekana mazima. Uozo ulikuwa umejificha ubavuni. Nikaenda upande wa pili, nikazima pasi yangu mwenyewe kabla ya kugongwa ukuta, nikapigwa picha.

"Mtaalamu amesema la nne," tabibu akatangaza. "La nne la juu kushoto. Limeoza mpaka kwenye mzizi. Linatoka."

Akachoma ganzi. Tukiwa tunasubiri ishike, mvua ikaongeza nguvu na umeme ukakatika, si kwa sababu ya pasi yangu, ni wa mji mzima. Kompyuta ilikuwa haina chaji. Picha ikaenda na giza lake, ikabaki namba kichwani kwa tabibu. Akawasha tochi ya simu, akaishika kwa meno ya pembeni, akaja na koleo.

Nilimshika mkono. Kwa mdomo uliokufa nusu nikamwambia, "Tabibu, ni la nyuma."

"Maumivu ya jino yanatembea, fundi," akasema alipoitoa simu mdomoni. "Linauma hili, unasikia kwenye lile. Hilo linajulikana. Mtaalamu hasikii maumivu, ndiyo maana hadanganywi."

Na kweli linajulikana, maumivu hutembea; hata mimi nimesikia watu kwenye benchi wakibishana hivyo. Nikamwachia mkono. Sikusalimiwa hata salamu. Nilisikia mlio ndani ya kichwa, na jino likaangukia kisahanini likiwa jeupe, zima, na mfereji wake wa uzi katikati ya ncha.

Tulilitazama sote wawili kwenye mwanga wa simu. Mimi ndiye niliyelia. Yeye alisema, "Haiwezekani, Mtaalamu hakosei," halafu, akiligeuza jino kwa koleo, "Basi Mtaalamu amekosea." Maneno hayo mawili aliyasema dakika hiyohiyo, na mimi sikuwemo ndani ya lolote. Wala yeye hakuwemo.

Jino bovu lilibaki na liliendelea kuniuma. Nikaenda hospitali ya serikali, binti mmoja daktari akalitoa, akanieleza kilichotokea huku akichora kwenye karatasi ya dawa. Kwa watu wa meno, nafasi haifi. Chonge ni la tatu kutoka katikati. Hata lisipokuwepo, kiti chake kinabaki cha tatu, na linalofuata ni la nne. Mashine haikujua habari za spoku na homa ya Kibondo. Ilikuta jino limesogea kwenye nafasi ya chonge, ikaliita la tatu, na lile bovu la nyuma yake ikaliita la nne. Tabibu akaichukua ile namba, akahesabu kwa njia aliyofundishwa, akaruka pengo kama inavyotakiwa, akafika kwenye jino langu la uzi. Mashine ilihesabu kivyake, yeye kivyake, na wote wawili wakakutana mdomoni mwangu.

"Tabibu wa huku angepaswa kuliona hilo kabla ya mtu mwingine yeyote," binti yule alisema.

Kabla ya mtu mwingine yeyote. Yeye mwenye kipaza sauti.

Nilitangaza vita. Alipogonga ukuta sikuzima pasi. Umeme ukaruka, kompyuta yake ikalia, mgonjwa wake akabaki na kifungo mdomoni. Akigonga tena, namwimbia. Watu waliniambia nimshtaki wilayani, wengine waliniambia nimsamehe kwa kuwa ni mtu mzima, na mume wangu aliniambia ninunue mikasi mizuri. Mikasi nimenunua, inaning'inia shingoni kwa utepe, na kila ninapoifikia kitambaa kinateleza. Gauni lililokuwa likinichukua asubuhi moja sasa linakula na mchana wake. Hilo lilinikasirisha, lakini si ndilo nililokuwa nalidai. Nilidai aseme, "Nimekosea mimi." Alituma jogoo. Nikamrudisha akiwa hai. Alituma ujumbe kwenye simu, mrefu, kwamba kampuni yenye programu ile itapelekewa malalamiko. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, alimalizia. Nikajibu kwamba koleo halikuvunjika, lilifanya kazi vizuri sana.

Na wagonjwa waliendelea kuja. Hilo ndilo lililoninyima usingizi kuliko pengo langu: benchi ni langu, na kila asubuhi watu wa milimani walikaa pale wakisubiri kuhesabiwa.

Mwezi uliopita, siku ya gulio, alikuja mama mmoja kijana kutoka Heru Juu, mtoto mgongoni, shavu limevimba. Nikamsalimu, tukamaliza salamu yote kama inavyotakiwa, na mwishoni akatabasamu. Pengo. Kushoto na kulia, yote mawili. Nikasimamisha cherehani. Kwa mara ya kwanza tangu tuwe majirani, mimi ndiye niliyegonga ukuta.

Tabibu alitoka na kikombe chake cha sukari. Hatukuwa tumesemezana tangu masika. Nikamwonyesha kwa mikasi.

"Huyu naye hana chonge," nikasema. "Ndani kwako jino lake litaitwa la ngapi?"

Nilitegemea aseme Mtaalamu ameshatengenezwa, au anikemee. Akaketi. Hajawahi kuketi kwenye benchi lile, siku zote husimama mbele yake na kuhubiri. Aliweka kikombe chini, akainua masharubu yake kwa vidole viwili, kama mtu anayefunua pazia, na akatuonyesha.

Hakuwa na chonge hata moja.

"Yule bibi wa mihogo alijua," akasema, ananitazama mimi. "Mama yangu alinipeleka kama mama zenu walivyowapeleka." Akashusha masharubu, kisha akayainua tena, kana kwamba amekumbuka kwamba sasa haina maana. "Siku ile ya kwanza mashine ilinihesabu mimi. Moja, mbili, tatu, nne, mpaka mwisho, bila kuruka. Nilijua imekosea. Kuna mahali pa kubonyeza, unaiambia jino hili halipo, inapanga upya. Sikubonyeza."

"Kwa nini?"

"Ilinihesabu mzima, fundi. Hakuna aliyewahi kunihesabu mzima. Nikaiacha hivyo. Na nikisharidhika nayo kwenye mdomo wangu, ningeikosoaje kwenye midomo ya wengine?"

Nilimhurumia na nilitamani kumtupia pasi, vyote kwa pamoja. "Kwa hiyo jino langu limetoka ili wewe uwe mzima kwenye kompyuta."

"Ndiyo," akasema. "Nimekosea mimi. Si yeye."

Halafu yule mama kijana wa Heru Juu akainua mdomo wake wa juu kwa kidole, taratibu, kama alivyofanya tabibu. Mzee wa pembeni yake akafanya hivyohivyo. Na yule mama wa maharage, ambaye alikuwa amekuja kunidai kitenge chake wala haumwi, naye akainua. Nami nikainua wangu, upande wa kushoto, penye uwanja mpana kuliko wa wote. Tukatazamana hivyo pale barazani siku ya gulio, wapita njia wakishangaa.

"Wazazi wenu walikuwa wajinga," tabibu akasema, ameshainuka, kikombe mkononi, sauti imemrudia. Mtu huyo habadiliki. "Na wangu. Ingia, mama."

Mlango ukafungwa. Sijamsamehe, niseme wazi. Uzi wangu bado nakata kwa mikasi. Ukuta ukagongwa. Nilikaa na pasi mkononi kidogo, ili ajue, kisha nikaizima. Mashine ikapiga. Nikangoja nisikie Mtaalamu amesema nini. Badala yake, ng'ambo ya tofali, nikasikia sauti ileile ya Kibondo, kidole gumba kikiwa kazini:

"Moja. Mbili. Halipo. Nne."